Uzi kwenye Kidole Kilichopinda

Mimi ni mwalimu wa baiolojia, na kwa miaka minne nilimdanganya mume wangu kuhusu mkono wangu wa kushoto. Ninalisema mapema ili msomaji asinionee huruma kwanza halafu ajute. Uongo wenyewe haukuanzia kwangu, lakini mimi ndiye niliyeulisha ukanenepa, na ulipokuja kuuma, aliyeumwa alikuwa na umri wa wiki tatu.

Nilizaliwa upande wa chini wa Embu, Mbeere, kwenye joto, mbuzi na mashamba ya kunde. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa na vidole sita. Sisemi kile kinyama kinachoning'inia pembeni mwa kidole cha mwisho, ambacho watoto wengi kwetu huzaliwa nacho na hakuna anayejali. Changu kilikuwa katikati. Kati ya kidole cha kati na cha pete kulikuwa na kingine, na vyote vitatu vilishikana kwa ngozi hadi karibu nusu. Baba yangu alikuwa hivyo mikono yote miwili. Alilima, alikamua mbuzi na aliandika barua kwa mikono hiyo, na akazikwa nayo nikiwa darasa la nne.

Kabla ya hapo, nikiwa na miaka sita, alinipeleka hospitali ya misheni. Daktari aliupiga mkono wangu picha ya mifupa, kisha akatuonyesha jambo ambalo baba hakulitarajia. Kidole kilichonyooka, kilichopendeza macho, ndicho kilikuwa cha ziada. Hakikuwa na mfupa wake ndani ya kiganja. Kile chembamba kilichopinda, ambacho mtu yeyote angesema ndicho kimezidi, ndicho kilikuwa kidole changu cha kweli. Basi akakata kizuri, akabakisha kibaya, akaziba pengo kwa ngozi ya paja. Ngozi ile ilipopona ilikunjamana na kung'aa. Ukiutazama mkono haraka utasema uliungua.

Ndivyo baba mdogo alivyosema. Watu wa Kibirichia, upande wa Meru, kwao mume wangu, walipokuja kwetu kuzungumza habari za mahari, wazee waliulizana kwanza kuhusu ukoo, kama ilivyo desturi. Huulizwa kwa upole huku uji ukinywewa, utadhani ni habari za mvua. Kuna kifafa? Kuna mtu aliyewahi kurukwa na akili? Kuna watoto wanaozaliwa na kasoro? Nilikuwa nampa mzee mmoja wa upande wao kikombe, akauona mkono wangu. Hakunisemesha mimi. Alimgeukia baba mdogo.

"Na huyu msichana, mkono ilifanya nini?"

Baba mdogo, ambaye mikono yake ni safi kama ya malaika na ulimi wake sivyo, hakukohoa hata kidogo. "Ni moto. Alianguka kwa mafiga akiwa mdogo. Mama yake alikuwa ameenda mto."

Wazee wakasikitika. Kila boma lina mtoto aliyewahi kuangukia moto, na hakuna ukoo unaokataliwa kwa sababu hiyo. Mama yangu, aliyesingiziwa mto ambao hakwenda, aliinamisha kichwa. Mimi nilirudi jikoni na sinia yangu. Nilikuwa na shahada ya chuo kikuu na mdomo mzima, na sikusema neno.

Tuliwekeana pete kanisani, yangu ikaingia mkono wa kulia kwa kuwa ule wa kushoto ulikataa. Padre alielewa, moto ni moto. Tukahamia Majimbo, mjini Embu, nyumba ya vyumba viwili yenye bomba nje. Mume wangu alikuwa afisa wa kilimo, mtu wa buti na matope, mwenye upole unaoudhi. Alikuwa na tabia ya kuuchukua mkono ule wa kushoto na kuubusu palipokunjamana, kisha anaulaani moto. Mara ya kwanza nililia, akadhani nakumbuka maumivu. Nikamwacha adhani hivyo.

Nilipopata mimba niliijua baada ya miezi miwili, maana shule ilikuwa na mitihani na sikuhesabu siku. Wiki hiyohiyo nilipokea bahasha kutoka kwa rafiki yangu wa chuo aliyekuwa akiendelea na masomo ng'ambo. Yeye peke yake, nje ya jamaa zangu, aliujua ukweli wa mkono wangu. Tulilala chumba kimoja miaka mitatu. Ndani ya bahasha mlikuwa na nakala ya makala ya kisayansi, kurasa chache zenye picha za mikono. Niliitazama picha ya kwanza nikaketi chini. Ulikuwa mkono wa baba yangu.

Nitaeleza kilichoandikwa kama ninavyowaeleza wanafunzi. Kuna jeni ambazo kazi yake si kujenga mwili bali kuamrisha jeni nyingine. Ni wanyapara. Protini ya kila mnyapara huishika DNA mahali fulani na kusema: hapa anza, pale acha. Wataalamu wanaziita jeni za homeobox, yaani ndani ya kila moja kuna kipande kifupi cha maandishi, kama kisanduku, kinachofanana karibu kabisa kwa nzi, kwa kuku na kwa binadamu. Baadhi yake zimepangwa kwa mstari, na mpangilio wake unafuata mwili wenyewe, kutoka kichwani kwenda chini. Za mwisho mwisho, zenye namba kumi na tatu, ndizo husimamia ncha: vidole vya mikono na vya miguu. Katika familia zenye mikono kama yetu, moja ya hizo ina sehemu ambapo herufi zilezile zinarudiwa kupita kiasi, kama mtu mwenye kigugumizi. Mnyapara anagugumia, na mafundi wanachonga kidole pasipotakiwa kidole. Mzazi mwenye jeni hiyo humpa mtoto nusu ya bahati, kama sarafu iliyorushwa: ama anaipata, ama haipati.

Hilo la nusu nilikuwa nalikisia tangu chuoni. Lililonikata maini lilikuwa jingine, ambalo nalo nilikuwa nalifundisha kila mwaka bila kulifikiria. Mkono wa kiinitete huanza kama kikafi, yaani kasia dogo, na kufikia wiki ya nane vidole vimekwisha kuachana. Mimi nilikuwa nimeingia wiki ya tisa. Yaani nilipokuwa nasahihisha karatasi na kulalamikia kiungulia, mkono wa mtoto wangu ulikwisha kuamuliwa, na hakuna aliyeniuliza. Nilikasirika. Sijui nilimkasirikia nani, lakini nilivunja kikombe kwa kukiweka mezani.

Shuleni, mimi na wasichana wangu wa kidato cha tatu tulikuwa na zoezi la mayai. Nilinunua mayai ya kienyeji, tukayaweka kwenye katoni yenye balbu na bakuli la maji, wasichana wakayageuza kila siku kwa zamu. Siku ya nne tulipasua moja, tukaona moyo unadunda, na pembeni vivimbe vidogo vya mbawa na miguu. Siku ya kumi tulipasua jingine. Kifaranga kilikuwa na urefu wa kidole changu, na miguu yake ilikuwa na vidole tayari, na ngozi baina yake ilikuwa imeshaliwa. Wasichana walisongamana. Mimi nilikuwa nahesabu. Nilihesabu vidole vya kifaranga mara tatu huku jasho likinitoka, kama kwamba kikiwa sawa basi na wangu atakuwa sawa.

"Madam," mmoja akauliza, "na ni nani huambia hizo vidole zisimame hapo? Mbona zisiendelee tu?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka ule. Ningemwambia yote. Badala yake nilimwambia haliko kwenye silabasi, akaketi. Bado naona haya.

Nilijaribu kumwambia mume wangu. Asubuhi moja nilianza nikiwa namimina chai, "Kuna kitu kuhusu huu mkono," naye akaniambia nisiogope, atanunua jiko la gesi, mtoto wetu hatakaribia moto kamwe. Nilitaka kumpiga na birika. Mara nyingine nilimwekea makala yale mezani, akayasogeza ili apate pa kuweka mbegu zake za viazi. Naweza kuendelea kutaja visingizio hadi kesho. Ukweli ni kwamba niliogopa. Niliogopa aseme kwamba ameoa mtu asiyemjua, naye angekuwa amesema kweli.

Mimba ikiwa na miezi saba tulikwenda Kibirichia kumsalimu mama mkwe. Alikuwa mjane, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde, na alikuwa akiuza viazi Kiirua siku za soko. Kimeru chake na Kimbeere changu vilielewana nusunusu, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili cha sokoni. Aliniita mwari, yaani binti, na alimaanisha. Tulipokuwa tunakunywa chai alikuja jirani na kitoto chenye kile kinyama pembeni mwa kidole cha mwisho. Mama mkwe alinawa mikono, akachomoa uzi mweusi kwenye kibweta chake cha ushonaji, akaumung'unya kidogo, akakifunga kinyama pale shinani, kwa haraka na kwa ustadi, huku akimsemesha mtoto. Jirani alimshukuru. Alimletea kuku, mama mkwe akamkataa.

"Inakauka, inaanguka yenyewe," aliniambia. "Hii mikono imefunga watoto wengi, siwezi hesabu. Hata huyo bwana yako nilifunga yake."

Mume wangu akanionyesha alama kwenye kidole chake kidogo, ndogo kama punje ya mtama, akicheka. Nilicheka nao. Moyoni nilisema: si kitu kilekile, si kitu kilekile kabisa. Kinyama cha pembeni hakina mfupa. Lakini kulieleza hilo ningelazimika kueleza nilivyojua.

Mtoto alizaliwa hospitalini Embu, msichana, saa nne asubuhi, mvua ikipiga mabati mpaka tukawa tunapiga kelele ili tusikilizane. Muuguzi alimfuta, kisha akainama kutazama kitu kwa karibu. Nilimwambia, "Mkono gani?" Akanitazama kwa mshangao. "Wa kushoto," akasema. Basi nikajua sarafu ilivyoanguka. Mkono ulikuwa wangu kabisa: vidole sita, vitatu vya katikati vimeshikana, kimoja kimenyooka na kimoja kimepinda. Nilimpenda mara moja, nikautazama mkono ule, nikamwomba msamaha.

Muuguzi alisema tumrudishe akikaribia mwaka, apigwe picha ya mifupa, daktari wa upasuaji aamue. Mume wangu alipoingia aliukunjua mkono wa mtoto kwa kidole chake kimoja kikubwa. "Sasa hii imetoka wapi?" aliuliza. Hakuwa na ubaya wowote.

"Hutokea tu," nikasema.

Huo ulikuwa uongo wa pili, nao haukuwa wa baba mdogo.

Mama mkwe alifika baada ya wiki mbili na gunia la viazi, njahi, yale maharagwe meusi ya kumpikia mzazi, na jogoo aliyefungwa miguu. Kwa desturi yao binti wa kwanza huchukua jina la mama yake baba, na mtu aliyeitiwa mjukuu huona amezaliwa tena. Hakusema "mjukuu wangu". Alimpokea mtoto, akamnusa kichwani na kusema, "Niko hapa. Nimekuja." Kisha akafungua shuka, akaona mkono.

Alivihesabu vidole kimoja kimoja. "Mimi sikuzaliwa na vidole sita," alisema mwishowe. "Watu wa kanisa watakuja kuniona, wanione hivi?"

"Daktari atatengeneza, mama. Akifika mwaka."

"Mwaka mzima ya nini? Hiyo ni kazi ya uzi. Hiyo imepinda tu."

"Ina mfupa, mama. Hiyo haifungwi."

"Umejuaje iko na mfupa?"

Mlango ulikuwa wazi kabisa mbele yangu, hata kizingiti hakikuwepo. Tulikuwa sisi wawili tu na mtoto. Nilikuwa na mkono wangu wa kushoto chini ya kichwa cha binti yangu.

"Nimesoma kwa kitabu," nikasema.

"Kitabu!" Aliguna. "Kitabu ilishafunga kidole ya nani?" Lakini hakuendelea, nami nikadhani yameisha. Tulikaa vizuri wiki nzima. Alinipikia njahi na uji hadi nikavimba, akamwosha mtoto, akamwimbia, akamwita kwa jina lake mwenyewe. Nilimwonea fahari. Nilijiambia nitasema mtoto akifika mwaka, daktari atakapouliza, kwa kuwa madaktari huuliza.

Nilikuwa kwenye likizo ya uzazi, lakini mwalimu mkuu alituma ujumbe kwamba vielelezo vya mtihani wa vitendo vimechanganyika na hakuna mwingine anayevijua. Niliondoka saa mbili na nusu nikidhani nitachukua saa moja. Chupa hazikuwa na lebo, darasa lilikuwa linasubiri, na nikapanga meza moja baada ya nyingine hadi saa saba kasoro. Maziwa yalikuwa yamenilowesha blauzi. Nilitembea kurudi Majimbo upesi mpaka kiuno kikaniuma.

Nilimsikia mtoto nikiwa bado kwenye bomba la nje. Hakikuwa kilio cha njaa. Mama anajua kilio cha njaa, na hiki kilikuwa na mkwaruzo ndani yake, kinakatika na kuanza tena. Mama mkwe alikuwa akizunguka chumbani naye begani, akimpigapiga mgongo.

"Amelia tangu lini?"

"Italia kidogo, halafu inanyamaza. Huwa hivyo. Wengine hulia siku moja."

Nilielewa kabla sijaona. Nilimnyakua, nikafungua shuka. Ngozi baina ya vidole ilikuwa imeminywa, na uzi mweusi ulizunguka kile kilichopinda mara nne au tano, umezama ndani ya uvimbe hata fundo halikuonekana. Juu ya uzi kidole kilikuwa rangi ya zambarau. Ncha ilikuwa nyeusi.

"Umefunga saa ngapi?"

"Ulipotoka tu."

Muda wa saa nne na zaidi. Nilifundisha mzunguko wa damu kila mwaka. Nilijua saa nne bila damu ni nini kwa kidole chenye unene wa kijiti cha kiberiti. Nilichukua wembe mpya wa mume wangu dirishani nikaufungua. Mkono wangu wa kulia ulikuwa unatetemeka hivi kwamba niliona wembe ukimetameta. Mama mkwe alinishika kifundo, kwa nguvu, mtu aliyezoea kuinua magunia.

"Usikate! Ukifungua sasa itaharibika, itabaki nusu. Nimeomba Mungu. Wacha ikauke."

"Niache, mama!"

"Unataka hii mtoto ichekwe na watu? Ni mimi hii! Nimefunga hiyo mbaya, nimeacha hiyo nzuri!"

"Hiyo mbaya ndiyo yake!" nilipiga kelele. Jirani wa ukutani alizima redio. "Hiyo nzuri ndiyo ya ziada! Najua kwa sababu ni mkono wangu! Nilizaliwa hivi, mama. Baba yangu alizaliwa hivi. Hakukuwa na moto. Sijawahi kuungua. Daktari alikata hiyo nzuri akaniachia hii." Niliusukuma mkono wangu wa kushoto mbele ya uso wake, na kidole changu kilichopinda, na kovu ambalo mwanawe alikuwa akilibusu.

Aliutazama. Akautazama wa mtoto. Akarudi kwenye wangu, na akakigusa kile kidole kwa upole, akakifuata mpaka kiganjani, akihisi mfupa. Mtoto alikuwa analia muda wote huo. Kisha aliniachilia kifundo na kunyoosha kiganja.

"Nipe wembe," alisema. "Wewe unatetemeka."

Nilimpa. Hadi leo sijui nilimpaje. Alikaa chini, akamweka mtoto mapajani, akanyoosha ngozi kwa kucha ya kidole gumba, akatafuta uzi kwa ncha ya wembe, na sikuona hata akipumua. Alikata nyuzi moja moja. Wa mwisho ulipoachia, damu ilitoka kidogo, yake ya kawaida, nyekundu. Tulikitazama kidole. Chini kabisa zambarau ilianza kugeuka, polepole, ikawa nyekundu, ikapanda hadi kiungo cha kwanza. Hapo ilisimama. Tulingoja. Mama mkwe alianza kuomba kwa Kimeru, midomo tu. Haikupanda tena.

Hospitalini mhudumu aliyemwona hakutugombeza, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisafisha, akafunga, akasema ncha imekwisha kufa ila kilichobaki kitapona. Mume wangu alitukuta kwenye benchi la nje, buti zikiwa bado na matope. Mama yake alisema kabla sijafungua mdomo.

"Ni mimi nilifunga."

"Mama, si huyu mke wangu alikukataza?"

"Alinikataza na kitabu," akasema, na hakuongeza. Aliniachia mimi yaliyobaki. Nikasema yote, pale pale, watu wakipita na vikaratasi vyao vya dawa. Nilisema kuhusu baba, kuhusu mafiga ambayo sikuwahi kuyaangukia, kuhusu bahasha na wiki tisa. Mume wangu alinisikiliza huku akiuangalia mkono wangu ulivyokaa juu ya goti.

"Miaka minne," alisema. "Nilikuwa nabusu nini?"

Niliufunika mkono kwa shuka ya mtoto. Hakuugusa mkono ule kwa muda mrefu, na sikumlaumu. Alinisemesha habari za unga na maziwa. Alimbeba mtoto. Siku moja alinivuta kwa huo wa kushoto tukiwa tunavuka barabara, na nilitembea hadi upande wa pili nikiwa nimebana pumzi.

Binti yetu alipofika mwaka na miezi michache alipigwa picha ya mifupa. Ilikuwa sawasawa na yangu. Walikata kile kilichonyooka, wakabakisha cha kwake, kifupi, kisicho na kucha.

Baada ya upasuaji tulimpeleka Kibirichia. Mama mkwe alikuwa uani anachagua viazi vya mbegu. Alikuwa ameacha kufunga watoto. Waliokuja aliwaambia waende zahanati, na hakuwaeleza sababu. Alinikaribisha gunia la kukalia, tukachagua pamoja, vyenye macho mengi huku, vilivyooza kule. Mtoto alikuwa anatambaa kwenye viazi na bandeji yake. Kisha mama mkwe aliniomba nimweleze ile kitu ya kitabu, yote, polepole, kwa Kiswahili ya soko.

Nilimweleza. Nilimwambia kuhusu wanyapara na kigugumizi chao, kuhusu kikafi kinavyogawanyika kikawa vidole, kuhusu kuku na nzi. Alinisimamisha mara mbili aulize vizuri. Aliuliza ni mwezi wa ngapi mkono huwa umeisha kutengenezwa.

"Mwezi wa pili, mama. Kabla hata sijajua niko na mimba."

Alikigeuza kiazi mkononi, akakiweka kando. Mtoto alikuwa amefika miguuni pake, akimshika sketi kwa mkono ule ili ajiinue. Alimwacha ajiinue mwenyewe.

"Kwa hivyo ya Mungu ilikuwa imeisha kitambo," alisema. "Kidole ilikuwa tu inangoja sisi. Hiyo ya uzi ni yetu."

"Ndiyo, mama."

"Yetu wawili."

"Yangu zaidi," nikamwambia.

Aliinua mtoto akamweka mapajani. Nilingoja anipinge, kama watu wema hufanya. Hakunipinga.